Mdomo Haukuponza Kichwa

Mtu akifutwa kazi kwa alichoandika Facebook, majirani humhukumu kabla hata barua haijamfikia. Utaisikia hukumu hiyo kwenye chai ya Base Camp, hapa kambi ya wakimbizi ya Nakivale, utaisikia kwenye teksi inayongoja kujaa pale Mbarara: "Amejitakia. Mdomo umemponza." Basi, yamekwisha, tunarudi kwenye bei ya maharagwe.

Mimi nasema methali hiyo, "Mdomo uliponza kichwa", tunaitumia vibaya. Mdomo haumfuti mtu kazi. Anayefuta ana jina, ana ofisi, ana mhuri, na methali inamfichia vyote vitatu.

Mnamkumbuka Stella Nyanzi? Katika kampeni za uchaguzi wa Uganda wa 2016 Rais Museveni aliahidi taulo za kike kwa wasichana wa shule. Mwanzoni mwa 2017 Waziri wa Elimu, Janet Museveni, mkewe Rais, akawaambia wabunge fedha hakuna. Nyanzi, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Makerere, akamwaga yake Facebook kwa matusi ambayo sitayarudia hapa. Machi chuo kikamsimamisha kazi. Aprili akakamatwa, akakaa gereza la Luzira karibu mwezi mzima. Mpaka leo watu wanayakumbuka matusi. Taulo, ambazo ndizo zilikuwa habari yenyewe, nani anaziulizia? Ukisema "amejitakia" umeshaacha kuuliza kama alichosema ni kweli. Unapima adabu yake tu.

Na huyo alikuwa msomi, mwenye mawakili na magazeti ya kumlilia. Teremka Nakivale. Sheria ya Wakimbizi ya 2006 inamruhusu mkimbizi kufanya kazi, lakini mkalimani au mhamasishaji wa shirika la misaada mara nyingi hulipwa posho tu. (Posho kwa Mtanzania ni pesa, kwa Mganda ni ugali, hapa kambini ile ya kwanza inaishia kwenye ile ya pili.) Tuseme ameweka status ya WhatsApp kwamba foleni ilianza alfajiri na chakula kikaisha saa nane watu wangali wamesimama. Hafukuzwi. Hapigiwi simu tena, basi. "Tutakuita." Sheria ya Ajira, nayo ya 2006, inamtaka mwajiri amweleze mfanyakazi kosa lake na kumsikiliza, akiwa na mtu aliyemchagua mwenyewe, kabla ya kumwachisha. Atasikilizwa wapi mtu ambaye hakuna aliyemwambia kwamba ameachishwa?

Najua mtakavyonijibu, na nyinyi mna haki ya kunijibu kuliko wasomaji wa Kampala. Wengi hapa wamekimbia maneno. RTLM, iliyochochea mauaji ya kimbari Rwanda, ilikuwa redio tu. Kule Kivu, Kongo, watu waliitwa nyoka kwanza, panga likaja baadaye. Mwalimu anayeandika kwamba kabila la mwanafunzi wake ni takataka sitamtetea. Aitwe, asikilizwe, kisha akae mbali na darasa. Lakini huyo anamwonea mtoto asiyeweza kumjibu. Anayeuliza chakula kimekwenda wapi anamuuliza mtu mwenye uwezo wa kumkatia mkate wake. Ukiwatia wote wawili kapu moja ukaliita "matusi ya mtandaoni", atakayeshukuru ni mwenye ufunguo wa ghala.

Januari 2023 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu cha 25 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya 2011, kile cha mawasiliano ya kuudhi. Majaji waliona kifungu hicho kina maneno mapana mno na kinabana uhuru wa kusema. Maofisini kuudhi bado kunatosha kumnyima mtu mshahara, na sisi majirani ndio tunaogonga mhuri.

Facebook yenyewe ilifungwa nchini Januari 2021, siku chache kabla ya uchaguzi, na tangu hapo watu wamekuwa wakiingia kwa VPN. Kwa hiyo bosi akikuwekea mezani karatasi yenye maneno yako, ujue naye alipita mlango wa uani kuja kukusoma. Yeye mbona hatumwambii amejitakia?