MAKUMBUSHO NI KAZI, NA KILA KAZI INA UJIRA WAKE

Ndugu wafanya kazi,

Wako watu wanaodhani kwamba habari za makumbusho hazikihusu chama cha wafanya kazi. Husema chama kiangalie mishahara, saa za kazi na likizo, na mambo ya vyungu na ngoma za kale waachiwe walimu na watalii. Sisi twasema hapana. Nyumba ya historia ya jimbo ni mahali pa kazi kama karakana au shamba la mkonge. Wamo watu wanaofagia, wanaolinda na wanaopanga vitu, na wamo mama na wazee wanaoitwa kusuka, kuchonga na kupiga ngoma mbele ya wageni. Tena historia inayowekwa mle ndani ni ya wale waliobeba, waliolima na waliojenga, yaani ni yetu. Kwa hiyo tuna haki ya kuuliza maswali mawili. Nyumba hiyo yafunguliwa kwa ajili ya nani? Na anayeifanyia kazi alipwa nini?

Kwanza tutazame sheria. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeyataja makumbusho kwa jina miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Majengo na mahali pa kale penye maana kwa taifa zima pamebaki kwa Serikali kuu, lakini makumbusho ya kwetu ni kazi ya Kitui na ya Makueni wenyewe. Basi asije mtu kutuambia tungoje Nairobi.

Wala asituambie kwamba lazima pajengwe jumba la vioo. Meru wana makumbusho yao tangu 1974, na waliyafungua katika jengo la zamani la ofisi ya Bwana DC. Kisumu walifungua 1980, wakajenga uani boma la Kijaluo ambalo mtu huingia na kuliona lilivyo. Kapenguria walichukua jela ile ile walimofungwa Mzee Kenyatta na wenzake watano wakati wa kesi ya 1952 na 1953, wakaifanya makumbusho mwaka 1993. Katika wale sita alikuwamo Paul Ngei, mtoto wa Ukambani, na Fred Kubai, kiongozi wa chama cha wafanya kazi wa usafirishaji. Wahenga walisema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Jengo la zamani latosha, kama ndani mna kitu.

Sasa, ndani muwe na nini? Hapa ndipo tunapotofautiana na mabwana wengi wa maonyesho. Wao hupanga vibuyu, mikuki na kigoda, wakaandika vikaratasi, wakafunga kabati. Mtoto wa shule huletwa mara moja, huona, huondoka, na harudi tena maisha yake yote, kwa sababu ajua kwamba kigoda kitakuwa pale pale. Lakini mwaka wa Ukambani haukai mahali pamoja. Una mvua za nthwa kuanzia Oktoba, una mavuno ya mwanzo wa mwaka, una mvua za uua kuanzia Machi, na una kiangazi kirefu cha katikati. Maonyesho nayo yafaa yafuate mwaka huo, ili mkulima na kibarua wakute mle ndani jambo lile lile linalowashughulisha nje.

Mvua za nthwa zinapokaribia, yaonyeshwe matuta. Mtu akipita leo katika vilima vya Makueni huona matuta ya fanya juu kila upande, na jina hilo la Kiswahili limekwenda hata nchi za mbali pamoja na kazi yenyewe. Katika miaka ya 1930 wataalamu wa serikali ya kikoloni waliandika kwamba nchi ya Machakos, ambayo wakati ule Makueni ilikuwa ndani yake, imekwisha haribika. Mwaka 1994 kilitoka kitabu cha Mary Tiffen, Michael Mortimore na Francis Gichuki, kikaonyesha kwamba tangu siku zile watu walikuwa wameongezeka zaidi ya mara tano, na udongo ulishikwa vizuri kuliko zamani. Nani aliushika? Ni mikono ya watu, hasa ya wanawake, kwa jembe na beleshi. Lakini lisifichwe neno hili pia: zamani za ukoloni watu wengi walichimba kwa amri ya chifu, bila ujira. Yasemwe yote mawili, kwamba watu walilazimishwa, na kwamba baadaye waliichukua kazi kwa hiari wakaifanya yao.

Kiangazi kinapofika, yaonyeshwe njaa na maji. Wazee wa Ukambani huhesabu miaka kwa majina ya njaa. Ile ya 1898 na 1899 iliitwa Ngomanisye, maana ilienea kila mahali. Ile ya 1961 iliitwa Ndeke, kwa sababu chakula kililetwa kwa ndege. Ile ya miaka ya 1980 iliitwa Nikw'a Ngwete, yaani nafa na huku nimeshika fedha, kwa kuwa fedha ilikuwapo mfukoni na chakula hakikupatikana dukani. Katika majina hayo matatu mna elimu ya uchumi kuliko hotuba nyingi. Kando yake yaonyeshwe mabwawa ya mchanga, ambayo tangu miaka ya 1990 yamejengwa kwa mamia katika mito ya Kitui, wananchi wakibeba mawe na saruji kwa mikono. Mwenye kuchota maji kwenye shimo la mchanga mwezi wa Septemba atajua kwamba makumbusho yamsema yeye.

Mwezi wa Julai ukumbukwe mwaka 1938. Mwaka ule serikali ilichukua ng'ombe za watu kwa nguvu, ikisema zimezidi malisho, na ng'ombe hizo ziliuzwa kwa bei ndogo wakati kiwanda cha nyama cha Liebig kilipokuwa kikifunguliwa Athi River. Waume, wake na watoto, zaidi ya elfu moja, walikwenda mpaka Nairobi wakakaa huko majuma kadhaa wakitaka kusikilizwa na Gavana. Kiongozi wao Samuel Muindi Mbingu alikamatwa akahamishiwa Lamu. Lakini kabla mwaka haujaisha serikali iliacha kuwalazimisha watu kuuza mifugo. Ndugu, huo ulikuwa mgomo hasa, ingawa waliogoma hawakuwa na kadi za chama. Kila mwanachama kijana yampasa aujue.

Na Desemba? Desemba ndiyo mwezi wa mfanya kazi. Mabasi hujaa, na wenzetu wa Mombasa na Nairobi huja nyumbani kwa likizo. Wakati huo huo ofisi nyingi za serikali hufunga milango. Yaani siku ambazo wenye historia wako nyumbani, nyumba ya historia imefungwa! Desemba ndiyo yafaa yafanywe maonyesho makubwa kuliko yote, nayo yawe ya safari na kazi. Yaanze na Kivoi, mfanya biashara mkubwa wa Kitui, aliyepeleka misafara ya pembe mpaka pwani. Krapf alipoutazama Mlima Kenya tarehe 3 Desemba 1849, alikuwa mgeni wa Kivoi hapo Kitui. Vitabu vingi humtaja mgeni na kumsahau mwenyeji.

Kisha ije reli iliyopita Mtito Andei, Kibwezi na Makindu kabla ya kufika Nairobi mwaka 1899. Simba wawili waliokula vibarua wa reli kwenye mto Tsavo wamewekwa katika makumbusho ya Chicago, Marekani, na watu hulipa kiingilio kuwatazama. Simba wamepata nyumba. Vibarua je? Kiwekwe pia kipande, kile ambacho sheria yake ilitungwa 1915, watu wakakivaa shingoni ndani ya kikopo cha bati. Liwekwe jembe la shamba la mkonge la Kibwezi. Isimuliwe habari ya Mutisya Munge wa Wamunyu, jirani zetu wa Machakos, aliyerudi na ufundi wa kuchonga baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na kazi hiyo ikalisha maelfu ya nyumba za Wakamba.

Hayo ni ya maonyesho. Sasa tuje kwenye ujira, maana ndiko kiatu kinakobana.

Mahali pengi penye maonyesho, mambo huwa hivi. Mama huitwa aje asuke kiondo mbele ya wageni kuanzia asubuhi. Kikundi cha kilumi huitwa kipige ngoma, na wachezaji wake wengi ni wanawake wazee. Mchongaji huitwa aje na tezo yake. Jioni hupewa soda na mkate, na labda nauli, nao huambiwa asante kwa kudumisha utamaduni. Aliyeshika kipaza sauti siku hiyo ana mshahara. Aliyepiga picha ana malipo. Aliyekodisha hema na viti amelipwa kabla hajavishusha. Mwenye ujuzi ambao kwa ajili yake watu wote walikuja, yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi bure.

Ukiuliza, hujibiwa: “Hii ni mwethya. Wazee wetu walisaidiana bila fedha.” Jawabu hili ni tamu, lakini si la kweli. Mwethya ina sheria yake. Leo twalima shamba lako, kesho twalima langu, na asiyekuja kwa mwenzake haendewi. Je, mkuu wa makumbusho atakuja mwezi wa Novemba kupalilia kunde za yule mama? Kama haji, basi ile haikuwa mwethya. Ilikuwa kazi ya bure iliyovikwa jina zuri, na jina hilo hilo lilitumiwa na machifu wa kikoloni kuwatoa watu kwenda kuchimba matuta. Haifai makumbusho yaonyeshe dhuluma ile ukutani na kuirudia uani.

Wengine husema: hospitali haina dawa, barabara ni mbovu, mwataka fedha za ngoma? Swali hili ni la haki, nasi hatulidharau. Lakini hatuombi jumba jipya la mamilioni. Twasema fedha zile zile zinazotengwa kwa sherehe zigawanywe kwa haki, na hema lisilipwe zaidi ya mama. Tena anayelipwa ujuzi wake atamfundisha mwanawe. Anayelipwa soda atamwambia mwanawe akatafute kazi nyingine, na baada ya miaka ishirini makumbusho yatabaki na kiondo kabatini na hakuna ajuaye kukisuka.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 41 cha Katiba champa kila mfanya kazi haki ya malipo ya halali. Sheria ya Kazi ya 2007, kifungu cha 37, yasema kibarua aliyefanya kazi siku zinazofuatana hata zikatimia mwezi mmoja hahesabiwi tena kuwa kibarua wa siku. Na sheria ya 2016 ya kulinda ujuzi wa asili yataka wenye ujuzi waombwe ruhusa kwanza na wapate fungu lao.

Kwa hiyo twataka wenye kamati za utamaduni Kitui na Makueni wakubali mambo haya:

1. Maonyesho yabadilishwe kwa majira ya mwaka, na ratiba itangazwe sokoni, kanisani na msikitini kabla ya majira kuanza.

2. Milango iwe wazi Jumamosi, Jumapili na likizo ya Desemba, na wanaofanya kazi siku hizo wapewe siku nyingine za mapumziko.

3. Kila fundi, mchezaji na msimulizi alipwe kwa siku, kwa kiwango kilichoandikwa, na alipwe jioni ile ile.

4. Wafagizi, walinzi na waongozaji wanaoajiriwa wakati wa maonyesho waandikiwe barua za kazi.

5. Katika kamati ya makumbusho kiwekwe kiti cha mfanya kazi, na kiti cha vikundi vya akina mama.

Nanyi wanachama, msingoje. Mwenye barua ya zamani ya kazi, picha ya baba yake relini, au kipande cha babu, akitunze vizuri wala asikiuze kwa mgeni anayepita. Mwenye mzazi mzee aketi naye likizo hii, aandike majina ya njaa na majina ya mashamba aliyofanyia kazi. Na mtu yeyote akimwita mama yako kuonyesha ufundi wake, muulize mapema, kwa adabu, mbele ya mashahidi: malipo ni kiasi gani?

Umoja ni nguvu.