Nani Apewe Elimu?

Mradi wowote ukikwama mkoani Morogoro, kauli ni ileile: wananchi wapewe elimu. Mfereji umekauka? Elimu. Mashine imekaa bila kazi? Elimu. Kauli hiyo inatokana na imani tuliyoimeza nzima, kwamba injinia ni mtu wa majibu. Anakuja na michoro na hesabu zake, sisi tunabaki kupokea. Akikataliwa, basi waliomkataa ni wabishi au hawakusoma. Kwangu huo ni upuuzi, na milima ya Uluguru inao ushahidi wa tangu enzi za Mwingereza.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliitazama miteremko ile, ikaona mvua inavyosomba udongo kuelekea mto Ruvu, ikaamua watu wachimbe matuta ya ngazi. Kwenye karatasi huwezi kulikosoa wazo hilo: mteremko ukikatwa ngazi, maji hupungua kasi na udongo hubaki. Ukaanzishwa Mpango wa Matumizi ya Ardhi Uluguru, kuchimba kukawa kwa amri, na mkaidi akaadhibiwa.

Hesabu ya maji ilikuwa sawa. Iliyosahauliwa ni hesabu ya chakula. Kwenye miteremko mikali ya upande wa Matombo, udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba la juu. Ukikata ngazi, jembe linaufukia ule mzuri na kuufunua wa chini, mwekundu, ambao mahindi hayaupendi. Mtu anachimba mpaka mikono inatoka malengelenge, halafu anavuna pungufu kuliko alivyozoea. Isitoshe, ardhi ya Waluguru ilikuwa ya ukoo, tena kwa upande wa mama, na wengi walilima mashamba ya kuazima. Nani atajivunja mgongo kwa shamba analoweza kunyang'anywa kesho? Hakuna siri hapo. Bibi yeyote mwenye jembe lake angeyaeleza yote hayo kabla ya saa nne asubuhi, lau angeulizwa. Hakuulizwa, akaambiwa mvivu. Julai 1955 Matombo ikalipuka kwa ghasia, chama cha TANU kikiwa ndiyo kwanza kimetimiza mwaka, na mpango ukafa.

Kwa hiyo matuta ya ngazi ni mabaya? Hapo ndipo pananinogea. Pandeni Mgeta, upande wa magharibi wa milima hiyohiyo, mtayakuta matuta ya ngazi yamedumu, yanalimwa kabichi na mboga nyingine. Kule mkulima ana maji ya mfereji, ana samadi ya kuurudishia udongo nguvu, na ana soko la mjini linalomlipa jasho lake. Ni teknolojia moja kwa kabila moja, lakini upande mmoja ikazaa ghasia na upande wa pili ikazaa kabichi. Aniambie mtu ni elimu gani waliyokuwa nayo watu wa Mgeta ambayo watu wa Matombo waliikosa.

Msidhani haya yaliondoka na mkoloni. Kiwanda cha Viatu cha Morogoro kilijengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, sisi wenyewe tukiwa tumeshika usukani, kwa ndoto ya kuuza viatu Ulaya. Kikajengewa kuta za alumini zisizofaa kwa joto letu na hewa ikawa haipiti. Hakikuwahi kufikia hata sehemu ya kumi ya uwezo wake.

Palepale Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine, ipo kazi ya uhandisi ninayoiheshimu kuliko ghorofa nyingi: panya buku wa shirika la APOPO, wanaofunzwa kunusa mabomu ya ardhini. Kifaa cha kawaida cha kutafuta mabomu hayo hulia kwa kila msumari na kizibo cha soda. Wengi wangeagiza mashine kali zaidi. Bart Weetjens, mbunifu wa vifaa kutoka Ubelgiji, aliuliza kwanza nini kinapatikana kwa bei nafuu hukuhuku Afrika, mabomu yaliko. Panya buku hunusa baruti na kukipuuza chuma chakavu, na ni mwepesi mno kulifyatua bomu. Akipata, anakwaruza ardhi, anapewa kipande cha ndizi. Mmoja wao, Magawa, aliyefunzwa Morogoro, aligundua mabomu zaidi ya 70 ya ardhini nchini Kambodia na mwaka 2020 akatunukiwa nishani ya dhahabu Uingereza. Na panya hapelekwi kazini mpaka afaulu mtihani. Panya anapimwa, mpango wa binadamu unapitishwa kwa makofi!

Najua nitajibiwa kwamba daraja halijengwi kwa kura. Kweli. Unene wa nondo aamue injinia, na mimi nitanyamaza. Ila daraja lipite wapi, na kama shida yetu ni daraja au ni zahanati, hayo hayamo kwenye vitabu vyake. Injinia hodari hulijua hilo, ndiyo maana huchelewa kuchora.

Basi wanakijiji wenzangu, mchoro ukiletwa mkutanoni, ulizeni: hii imejaribiwa wapi, kwa misimu mingapi, na mwenye shamba alivuna nini? Jibu likikosekana, mrudisheni mgeni na karatasi zake. Uwezo huo mnao: kwa sheria ya serikali za mitaa ya 1982, mkutano mkuu wa kijiji ndio mamlaka ya juu kabisa kijijini.