Tope la Tudor Lina Habari, Nani Analisoma?

Watu wangu, hiki kisiwa chetu ni jiwe la matumbawe tupu, hakina mto hata mmoja. Sasa lile tope la mikokoni Tudor latoka wapi? Limeshuka na mito ya Kombeni na Tsalu. La Port Reitz limeletwa na Mwache na Cha Shimba.

Wanajiolojia wanachota tope laini la mtoni, wanalichekecha, wanapima maabara lina risasi, zinki na shaba kiasi gani. Sampuli moja inasimamia eneo lote ambalo maji yake hupitia pale. Panga mamia ya sampuli kwenye ramani, unaona mwamba gani uko wapi, madini yako wapi na uchafu unaingilia wapi. Uingereza walianza kazi hii tangu miaka ya 1960.

Kwani sisi twaihitaji ya nini? Pwani ina risasi ya asili. Kinangoni, Kilifi, ilichimbwa kabisa. Kesho risasi ikipatikana kwenye tope, mwenye kiwanda atasema hiyo ni ya Mungu. Utamjibu nini bila vipimo? Lakini ukiwa na ramani inayoonyesha risasi ni kidogo huko juu, halafu yapanda ghafla ukipita viwanda, hapo ana kazi ya kujieleza.

Najua, kwenye hori maji yanajaa na kupwa, tope linachanganyika. Ndiyo maana sampuli zianzie mitoni kwenyewe, zishuke hadi baharini.

Owino Uhuru tuliona. Kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014, watu wakiwa tayari wana risasi mwilini. Fidia ya shilingi bilioni 1.3 iliamuliwa 2020, ikapingwa, na Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Damu ya watoto isiwe ndiyo kipimo cha kwanza tena.

Na muda hautungoji. Bwawa la Mwache likikamilika, tope jingi litabaki nyuma ya ukuta. Hali ya sasa ipimwe sasa.

Wataalamu tunao: KMFRI iko hapa hapa Mkomani, Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa kiko Tudor. Kaunti na NEMA watoe pesa, na matokeo yawekwe wazi, mpaka muuza samaki wa Mji wa Kale ayaone kwenye simu yake.

Wewe waonaje? Niambie hapo chini.