Hadithi Isiyofungwa Si Hadithi Mbovu

Wapo walimu wenzetu wanaoshikilia kwamba filamu ikimalizika bila ya kufumbua fumbo lake imemdhulumu mtazamaji. Mtu ametoa fedha yake, wasema, naye ana haki ya kupewa jibu. Rai hiyo hatuikubali, na ushahidi wetu umezaliwa papa hapa Kampala.

Mwaka 2010, katika mtaa wa Wakaliga, Nabwana I.G.G. alitengeneza filamu iitwayo Who Killed Captain Alex?, yaani Nani Alimwua Kapteni Alex? Kapteni huyo apambana na genge la Tiger Mafia. Mkuu wa genge ataka kulipiza kisasi, lakini mjumbe wake akuta kapteni amekwisha kuuawa na mkono mwingine. Ndugu wa marehemu, bingwa wa kung fu, aanza kumsaka muuaji. Risasi zarindima, helikopta yashambulia mji, kisha filamu yaisha. Muuaji hatajwi.

Watesi wetu watasema huo ni uzembe wa mtunzi. Twakiri kwamba si kila pengo ni hekima. Pengo lisilo na dalili za kufuata ni uvivu mtupu. Lakini hapa swali limewekwa katika jina lenyewe, na yule tuliyemshuku kwanza ameondolewa mbele ya macho yetu. Tumeachiwa kazi, hatukutupwa.

Mwalimu na ajaribu darasani. Akiuliza, "Filamu hii yatufunza nini?" atapata sentensi moja iliyokaririwa. Akiuliza, "Nani alimwua, na kwa ushahidi gani?" wanafunzi watahitaji huenda, iwapo na ijapokuwa, -nge- na -ngali- zitawatoka vinywani bila ya kulazimishwa. Jibu lingalitolewa, mjadala ungaliishia mlangoni.

Jambo hili latuhusu sisi wa Uganda kuliko wengine. Kwa miaka mingi Kiswahili kimejulikana hapa kuwa lugha ya kambi, lugha ya amri isiyohojiwa. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, lakini sheria peke yake haiondoi hofu. Hofu itaondoka siku mtoto atakapokitumia kuuliza, kushuku na kumpinga mwalimu wake kwa hoja.

Basi tusiwaonee haya watunzi wanaotuachia maswali. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuwafundisha watoto kwamba kila swali lina jibu moja, nalo liko mfukoni mwa mwalimu.