Neno refu la Kiingereza tulisome kutoka mwisho

Tukikutana na neno kama imperturbability, yaani utulivu wa mtu asiyetikisika, wengi wetu hulikatakata kuanzia mwanzo, halafu hubahatisha mkazo. Kiswahili kinatuvuta kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kifaransa cha shuleni kinatuvuta kwenye ile ya mwisho kabisa. Njia zote mbili hapa zinapotosha.

Maoni yangu ni kwamba tuanzie kwenye kiambishi tamati. Neno hili lina silabi saba: im-per-tur-ba-bil-i-ty. Maneno yanayoishia na -ity huweka mkazo mkuu kwenye silabi inayotangulia tamati hiyo. Hapa ni bil, ya tatu kutoka mwisho. Katika imperturbable mkazo ulikuwa kwenye tur. Tamati ndiyo iliyouhamisha.

Hilo si geni kwetu. Katika soma, somesha, someshana, mkazo huhama kila kiambishi kinapoongezwa. Basi kwa nini tukaririshwe orodha za matamshi, kisha tupoteze pointi kwenye mtihani wa mdomo? Walimu wa Kiingereza na wa lugha za Kiafrika wafundishe somo hili pamoja. Kuhesabu silabi kutoka nyuma tulishajifunza nyumbani.