Vifaa vya utafiti wa tembo vitoke Kariakoo

Mkulima wa Rufiji anayekesha akipiga debe kufukuza tembo na mfanyabiashara wa Kariakoo anayeuza kamba, waya na sola hawafahamiani. Kituo cha Kingupira, kilicho chini ya Taasisi ya Utafiti wa Wanyamapori Tanzania (TAWIRI), kinaweza kuwakutanisha.

Ni kweli kwamba kola za kufuatilia tembo kwa setilaiti hazina budi kuagizwa nje. Lakini teknolojia inayomgusa mkulima ni nyepesi: vitambaa vilivyolowekwa pilipili na oili chafu, au mizinga ya nyuki iliyotundikwa kuzunguka shamba, kama ilivyofanyika Kenya na kando ya Udzungwa. Kamba na pilipili zipo Kariakoo, oili chafu imejaa gereji, na mafundi wa Gerezani wanaweza kuchomelea nguzo.

Uzio uliojaribiwa kwa vifaa vya bei mbaya huishia kwenye ripoti. Uliojaribiwa kwa bidhaa za dukani, mkulima ataununua na kuutengeneza mwenyewe ukiharibika.

Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 inazitaka taasisi za umma kutenga asilimia 30 ya bajeti ya ununuzi kwa vijana, wanawake, wazee na watu wenye ulemavu. Fursa hiyo haimfuati mtu dukani. Wafanyabiashara wajiunge katika vikundi, wajisajili kwenye mfumo wa NeST, watoe risiti za EFD na waache kuuza betri feki. Nao watafiti wapite Kariakoo kabla ya kuagiza ng'ambo.

Tembo hasubiri meli ifike bandarini.