AFYA YA JAMAA: Dawa Iliyo Ndani ya Mashanza

Kijana mmoja wa Mboko anayepelekea wachimbaji wa zahabu maziwa ametuuliza hivi: «Nilisikia kwamba vijidudu vya mashanza vinatengeneza vyenyewe ile dawa ya kuosha vidonda, eau oxygénée. Kama ni hivyo, nikitia kidogo ndani ya bidoni ili maziwa yasiharibike njiani, kuna ubaya gani?»

Ulizo hili ni zuri. Alichosikia ni kweli. Lakini kutia, hapana!

Kwanza tuone vile vijidudu hivyo vinafanya. Maziwa yana sukari yake. Vijidudu vya mgando, ambavyo wataalamu wanaviita laktobasili, vinakula sukari hiyo na kutoa asidi. Ndiyo ule ukali unaousikia ulimini. Katika kula huko kunabaki hidrojeni ya kuondoa. Kama hewa ipo, vingine kati yao vinaiunganisha na oksijeni. Hidrojeni mbili zikishikana na oksijeni mbili, inakuwa eau oxygénée. Maji ya kunywa yana oksijeni moja tu. Ile ya ziada ndiyo inaumiza vijidudu vingine.

Damu yetu ina kitu kinachoitwa katalasi, ambacho kinavunja dawa hiyo kuwa maji na oksijeni. Ndiyo sababu inatoa povu muuguzi akiimwanga juu ya kidonda. Laktobasili nyingi hazina katalasi, basi dawa inakusanyika kidogo kidogo. Ikizidi, inazidhuru hata zenyewe! Lakini mlinzi mkubwa wa mashanza ni ule ukali. Eau oxygénée ni msaidizi tu.

Sasa, ndugu kijana, sikia vizuri. Ile ya vijidudu ni chembe ndogo sana. Ile ya chupa ni ya kuosha nje ya mwili: ikinywewa inaweza kutapisha na kuchoma koo na tumbo, na ile yenye nguvu nyingi inaweza kuua. Tena inadanganya: maziwa machafu yataonekana mazima, na mtoto wa mtu atayanywa.

Fanya hivi. Chemsha maziwa mpaka yafure. Yaache yapoe mpaka kidole kivumilie uvuguvugu bila kuungua, kwa sababu moto unaua vijidudu vizuri pia. Tia vijiko viwili vya mashanza mazuri, funika, weka pahali pa joto usiku kucha. Usiruke kuchemsha: maziwa mabichi ya ng'ombe mgonjwa yanaweza kuleta kifua kikuu na bruselozi, hata yakiganda. Bidoni ioshwe kwa sabuni na maji ya moto.

Mashanza yanavumilia safari kuliko maziwa mabichi, basi uza hayo. Ng'ambo ya mashariki, kule Mwanza, Tanzania, akina mama wa kikundi cha Tukwamuane walianza kazi ya namna hii mwaka 2004, wakisaidiwa na chuo kikuu kimoja cha Kanada. Mtindi wao wenye laktobasili zilizochaguliwa uliwasaidia kupata riziki, na uliwafikia pia watu wanaoishi na virusi vya SIDA, kama chakula, si kama dawa ya kuponya.

Heri kumwaga bidoni moja kuliko kuzika mtoto wa jirani.